Mama Dekio na Ukuta wa Kanisa

Siku fundi seremala alipomtia machoni kwa mara ya kwanza, yule mama alikuwa anamfutia kazi yake.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ndani ya kanisa tupu. Fundi alikuwa amefunga uzi kwenye kitasa cha mlango mkubwa, akauvuta mpaka kwenye ngazi za madhabahu, akaupaka chaki, akaunyanyua kwa vidole viwili na kuuachia. Mstari mweupe ukalala sakafuni, umenyooka, umeligawa kanisa nusu kwa nusu. Akatoka nje kuchukua penseli aliyoisahau kwenye mkokoteni. Aliporudi, mstari haupo. Sakafu imelowa na inang'aa.

Alidhani amekosea yeye. Fundi ni mtu wa namna hiyo: akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba msamaha. Alisubiri sakafu ikauke, akapiga mstari wa pili. Safari hii hakutoka, aliinama tu kutafuta tepu ya kupimia. Alipoinua kichwa aliona dekio linapita juu ya chaki, taratibu, bila haraka yoyote. Nyuma ya dekio alikuwepo mwanamke mfupi, mikono ya gauni ameikunja mpaka kwenye viwiko, kitambaa cha kichwa amekikaza kama mtu anayekwenda kupigana.

"Samahani, mama," fundi alisema kwa sauti ya chini. "Hapo nilikuwa nimechora."

"Nimeona."

"Ni mstari wa... wa kazi."

"Naona ni mstari, mimi si kipofu. Kazi gani?"

"Ukuta. Nimeambiwa niweke ukuta wa plaiwudi. Hapa katikati."

"Umeambiwa na nani?"

"Wazee wa kanisa."

"Wa upande upi?"

"Pande zote mbili, mama."

Yule mama akacheka, ila kicheko chenyewe hakikuwa na furaha hata tone. "Mwaka mzima watu hawaelewani hata saa ya kuanza ibada. Leo wameelewana. Na walichoelewana ni ukuta! Haya, chora."

Fundi alibaki na uzi mkononi, hajui amtii nani.

"Si nimekwambia chora? Chora tena, nifute tena. Chaki ni yako, maji ni yangu, na maji yapo mengi."

Akachora mara ya tatu, na mama akafuta mara ya tatu. Na hapo, fundi akiwa amepiga magoti mbele ya ule unyevu, kuna neno lilimjia. Lilikuwa dogo na wazi, kama mtu amemgusa begani: usipige msumari hapa. Alishtuka, akatazama nyuma. Hakukuwa na mtu. Akajiambia ni njaa, maana alikuwa hajanywa chai. Akasubiri mama amalize kudeki na kuondoka, akachora mara ya nne.

Watu wote walimwita Mama Dekio, hata watoto, hata mchungaji. Alikuwa amelisafisha kanisa lile miaka ishirini na mbili, na alikuwa na njia yake ya kulisafisha ambayo hakuiacha. Sakafu ile ilijengwa imeinama kidogo kuelekea mlango mdogo wa pembeni. Mama Dekio alimwaga maji kwenye kona ya mbali kabisa, upande wa pili, akayasukuma yote kwa pamoja, yakapita chini ya mabenchi, yakakata kanisa zima na kutokea nje kwenye mfereji. Hakuwahi kusafisha kipande kipande. Kwa hiyo ukuta aliufikiria kwanza kwa maji. "Nikiyamwaga kule yatokee wapi?" aliwauliza wazee wa kanisa. "Au maji nayo yachague upande?"

Walimwambia kila upande ungesafishwa peke yake. Upande wa Mwalimu ulitaka asafishe wao, upande wa Mwenye Duka ulitaka asafishe wao.

"Mimi sijui kusafisha nusu ya kanisa," alijibu. "Mkitaka nusu, tafuteni mtu mwenye nusu ya akili. Mnao wengi."

Mwalimu alikuwa mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa tangu enzi, mtu wa tai na kalamu mbili mfukoni. Mwenye Duka aliuza vifaa vya ujenzi barabarani, naye alikuwa mzee wa kanisa wa miaka ya karibuni, mtu wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Ugomvi ulianzia kwenye kipaza sauti. Kanisa lilikuwa na kipaza sauti kimoja na kwaya mbili, ya akina mama na ya vijana. Jumapili moja akina mama walisimama kuimba, kipaza sauti kikazimika ghafla, na vijana wakacheka. Kiongozi wa akina mama, ambaye alikuwa wifi yake Mama Dekio, dada wa marehemu mumewe, alisema palepale mbele za watu kwamba vijana wamechomoa waya. Vijana wakakana. Mwalimu akasimama na akina mama. Mwenye Duka, ambaye binti zake wawili walikuwa kwenye kwaya ya vijana, akasimama na vijana. Ndani ya miezi mitatu hakuna aliyekumbuka waya. Walikuwa wameshafika kwenye nani amemtukana nani, nani alikuja kanisani kwanza, na nani hasalimii. Mchungaji, aliyekuwa na makanisa mengine matatu ya kuangalia, alichoka kusuluhisha. Aliwaambia, "Nitarudi mkiwa kanisa moja," akapanda pikipiki yake, akaenda zake.

Fundi aliujua ugomvi huo kwa kusikiasikia tu. Alikuwa amehamia mtaa ule miezi mitatu nyuma, akawa anakaa benchi la mwisho, anatoka kabla ya watu kuanza kusalimiana. Kazi alikuwa anaihitaji, na kinywa cha kukataa hakuwa nacho. Alikata mabenchi kumi na manne kwa msumeno, benchi moja moja, kila nusu akaiwekea mguu mpya. Akasimamisha fremu. Akapigilia plaiwudi ambayo Mwenye Duka aliitoa bure, tena kwa majigambo. Ile sauti ndogo ilirudi mara mbili, na mara zote mbili fundi aligonga nyundo kwa nguvu zaidi.

Ukuta uliishia kwenye ngazi za madhabahu. Usingeweza kwenda mbele zaidi, maana meza ya Bwana ilikuwa moja, na hakuna upande uliokubali kuiachia. Kwa hiyo Jumapili iliyofuata wahubiri wawili walipanda jukwaa moja, mmoja akaegemea kushoto, mwingine kulia, wakageuziana mabega kama watu wanaogombania kiti. Wakahubiri kwa wakati mmoja. Upande wa Mwalimu wakiimba, upande wa Mwenye Duka wanapaza sauti zaidi. Plaiwudi ilikuwa inatetemeka. Mtoto mmoja alilia kwa hofu, mama yake akamziba mdomo.

Mama Dekio hakuingia popote. Alikaa nje kwenye kizingiti cha mlango mkubwa, pale pale ukuta ulipoanzia, ameshika ndoo tupu mapajani. Kila aliyepita, mama alimkazia macho mpaka akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama Dekio," msichana mmoja wa kwaya alimwamkia.

"Marahaba. Unakwenda kwa Mungu yupi leo, wa kushoto au wa kulia?"

Msichana aliharakisha kuingia. Fundi, aliyekuwa nyuma yake, aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Baada ya hapo ikaundwa kamati ya umoja. Usicheke, iliundwa kweli. Watu watano kutoka kila upande, na vikao kila Jumanne saa nne asubuhi kwenye chumba kidogo nyuma ya madhabahu. Fundi alikuwa ameitwa kurekebisha bawaba za mlango wa chumba hicho, kwa hiyo alikisikia kikao cha kumi na moja chote, neno kwa neno, bisibisi mkononi. Walijadili saa nzima nani akae kiti cha katikati. Mwalimu alisema umoja unahitaji utaratibu. Mwenye Duka alisema umoja unahitaji watu kujua nafasi zao. Mtu mwingine akapendekeza wapige kura.

Mlango ambao fundi alikuwa ameushika ulisukumwa kutoka nje. Mama Dekio aliingia na ndoo yake, akaitua juu ya meza, juu ya karatasi zao.

"Mmekaa mara ngapi?" aliuliza.

"Mama, hiki ni kikao," Mwalimu alisema.

"Nimeuliza mara ngapi."

"Mara kumi na moja. Na tunapiga hatua."

"Katika hizo kumi na moja, mmemwuliza Mwenyewe mara ngapi?"

"Mwenyewe nani?" Mwenye Duka aliuliza, na wawili watatu wakatabasamu.

"Mwenye nyumba! Aliyewaita humu! Mnamfungulia kikao kwa sala ya nusu dakika, mnamwambia akae kimya muongee nyinyi, mkimaliza mnamfungia kwa sala nyingine ya nusu dakika. Hata mgeni hafanyiwi hivyo. Hakuna hata mmoja wenu aliyepiga magoti akasema, Bwana, unataka nifanye nini, halafu akanyamaza asikie. Mnaogopa atawajibu!"

"Mama, nenda kadeki," Mwenye Duka alisema.

"Nadeki nini? Uchafu wenu hautoki kwa maji!"

Alichukua ndoo yake, karatasi mbili zikabaki na alama ya duara la maji. Alipopita mlangoni alimwona fundi.

"Na wewe mwenye nyundo," alimwambia, "umeshamwuliza?"

Fundi akageuza bisibisi mkononi. Aliangalia bawaba.

Tangu siku hiyo Mama Dekio alianza kuja kanisani kila siku adhuhuri, kanisa likiwa tupu, kusali. Fundi alikuwa na kazi ya kupiga randa milango kwenye ua wa nyuma, na dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo hakuwa na namna ya kutosikia. Mama Dekio hakusali kwa upole. Alisali kama mtu aliyekwenda kushtaki.

"Bwana, wapige! Siwaombei kifo, hapana, lakini wapige tumbo. Wote wawili, usiku kucha, mpaka waheshimiane njiani kwenda chooni! Mwalimu mwondolee kiburi, na kama hakitoki peke yake basi kitoke na zile kalamu. Mwenye Duka mzibe mdomo. Na wifi yangu, Bwana, huyo unamjua mwenyewe, sina la kuongeza."

Fundi alicheka peke yake huku anapiga randa. Ila kadiri siku zilivyokwenda, kelele za mama zilipungua. Wiki ya pili alikuwa anasema kidogo na kunyamaza sana. Mwisho wa wiki ya tatu fundi alisikia ukimya wa karibu saa nzima, halafu mlango mdogo ukafunguliwa kwa kishindo. Mama Dekio alitoka, macho mekundu, akaja moja kwa moja mpaka kwenye meza ya kazi.

"Haki iko wapi?" alisema. "Niambie wewe, fundi. Haki iko wapi?"

"Kuna nini, mama?"

"Nimemwomba wiki tatu aseme na wale! Wale! Nimemtajia mpaka wanapokaa. Anasema na mimi!" Alipiga meza kwa kiganja, vumbi la mbao likaruka. "Kila nikifungua mdomo kuwashtaki, ananiuliza swali moja. Lile lile. Jana lile, leo lile. Nimechoka naye!"

"Swali gani?"

Mama Dekio alikaa juu ya kipande cha gogo.

"Waya niliuchomoa mimi," alisema.

Fundi akaacha randa.

"Asubuhi ile nilikuwa naimba kidogo huku nafuta mimbari. Wifi yangu akanikuta, akina mama wenzake wako nyuma yake wote. Akasema, wewe kazi yako ndoo, kuimba tuachie wenye sauti. Mbele zao! Mtu aliyekula kwangu miaka, niliyemlelea watoto! Damu ilinichemka. Waliposimama kuimba nikaingia nyuma ya pazia, nikachomoa. Nikasema na uimbe sasa tukusikie, mwenye sauti. Halafu vijana wakacheka, na yeye akawashika wao. Nami nikanyamaza. Mwaka mzima nimenyamaza, fundi, na huku nawatukana watu kwa ukuta. Ukuta ni wangu!"

"Lakini wao ndio waliofika mpaka—"

"Hayo ya kwao wajibu wao! Mimi nimeulizwa langu." Alifuta pua kwa mkono wa gauni. "Anataka niseme. Siyo kwa wifi tu pembeni. Niseme pale waliposimama kutukanana."

"Watakufukuza, mama."

"Najua. Kwani yeye hajui? Wala hakunificha. Ndiyo maana nimemkasirikia." Alisimama, akajipangusa vumbi. "Na wewe usinitazame hivyo. Wewe alikwambia nini?"

Fundi alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, tangu ile Jumamosi, halijachakaa. Akafunga mdomo. Mama Dekio akamtazama kitambo, akatikisa kichwa, akaenda.

Jumapili iliyofuata Mama Dekio alipanda ngazi za madhabahu katikati ya mahubiri mawili, akasimama kwenye ncha ya ukuta ambapo pande zote zilimwona. Hakuwa na ndoo. Wahubiri walinyamaza kwa mshangao. Akasema yote, kwa sentensi chache, bila kujitetea hata kidogo. Alisema, "Wifi, nisamehe. Vijana, nisameheni. Nilichomoa mimi na nikawaacha mbebe lawama." Kisha akasimama akingoja.

Fundi alitegemea kwamba mtu atalia. Alitegemea ukimya, au wimbo. Kilichotokea hata sasa akikikumbuka meno yanamsagana. Ilikuwa kama watu wamefunguliwa mfereji. "Kumbe ni wewe!" "Mchawi!" "Umetuharibia kanisa!" Akina mama walipiga kelele, vijana wakapiga kelele, na kelele zilikutana juu ya ukuta kwa mara ya kwanza zikiwa na neno moja. Mwenye Duka alisema mtu kama huyo hafai kushika hata ufunguo wa choo. Mwalimu alimzidi kwa ukali. Alisimama na tai yake, akasema kwa sauti ya darasani kwamba unafiki wa namna hii hajapata kuuona maishani mwake. Wifi peke yake hakusema kitu. Alikuwa ameinama, leso mdomoni.

Kabla ya saa sita wazee wa pande zote mbili walikutana dakika tano tu, wima, mlangoni, bila kugombea kiti. Wakakubaliana jambo lao la pili: Mama Dekio aondoke. Wakachukua funguo. Miaka ishirini na mbili! Hakuna aliyesema asante. Na ukuta waliuacha palepale.

Wiki ile fundi hakuweza kufanya kazi. Alikata mbao mbili fupi kuliko kipimo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipojifunza ufundi. Alikuwa amejaa hasira mpaka chakula hakipiti, na hakujua aitoe wapi, maana hakuwa mtu wa kugombana. Aliwachukia wale wazee. Alipanga maneno makali ya kuwaambia, akayarudia akiwa anatembea, mpaka watu barabarani wakamgeukia. Mwishowe, Ijumaa adhuhuri, akajifungia kwenye karakana yake, akapiga magoti kati ya vumbi la mbao, akasema, "Bwana, umeona walivyomfanyia?" Alitaka kuendelea. Hakuweza. Lile neno la Jumamosi ya kwanza lilikuwa limemkalia shingoni, naye akaelewa kwamba yeye pia ameulizwa lake, na kwamba hasira zote zile zilikuwa namna ya kuziba masikio.

Jumapili alipanda ngazi zile zile. Akashika ncha ya ukuta.

"Mimi ndiye fundi," alisema.

"Sema kwa sauti!" mtu alipaza nyuma.

"Mimi ndiye fundi niliyejenga huu ukuta. Nilikatazwa nisiujenge. Nilikatazwa na Mungu, siku ya kwanza, nikiwa na chaki mkononi. Nikasikia, na nikajenga. Nilitaka kazi, na niliwaogopa nyinyi. Kwa hiyo nimekosa. Sijaja kumsema mtu." Alionyesha ukuta kwa kidole. "Plaiwudi ni zenu. Siwezi kuzing'oa bila ruhusa. Lakini mkiniruhusu nitazing'oa, na mabenchi nitayaunga. Basi."

"Kaa chini!" wa kwanza akasema. "Na huyu naye katumwa na yule mwanamke!" akasema wa pili.

Fundi hakukaa wala hakuondoka. Hakuwa na ujasiri wa kufanya lolote kati ya hayo. Ndipo wifi alipotoka kwenye safu ya akina mama, mwanamke mrefu mwenye kujisikia, akaja mpaka kwenye ngazi na kusimama kando yake.

"Nilimwambia kazi yake ndoo," alisema. Hakulia. Alikuwa amekasirika, na hasira ilikuwa juu yake mwenyewe. "Mbele ya wenzangu. Alipokiri Jumapili iliyopita nilijua kabisa kwa nini alichomoa, na niliwaacha mumtukane. Nimekaa wiki nzima nasali na sala haipandi. Inagonga dari inarudi."

Watu wakageuka wote kumtazama Mwalimu, kwa sababu Mwalimu alikuwa amesimama. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Nilimwona," alisema.

"Ulimwona nani?" Mwenye Duka aliuliza.

"Nilimwona anatoka nyuma ya pazia, siku ile ya kipaza sauti. Mimi ndiye niliyeurudisha waya. Nilijua tangu siku ile ile kwamba si vijana." Sauti ya darasani ilikuwa imemwishia. "Nikaona ni nafasi ya kukuondoa wewe kwenye uzee wa kanisa. Na Jumapili iliyopita nilimwita mnafiki, mnakumbuka. Nilisema sijapata kuona."

Hakuna aliyejua nani aongoze sala. Ilikuwa mara ya kwanza hakuna aliyeitaka nafasi hiyo. Watu walishuka magotini mmoja mmoja, bila kutangaziwa, upande huu na upande ule, na wakakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba fundi alisikia maji yakidondoka kwenye bomba la nje. Wengine waliinuka na kutoka wakibamiza mlango. Familia tatu hazijarudi hadi leo. Lakini wengi walibaki. Mwenye Duka ndiye aliyeinuka wa mwisho, magoti ya suruali yakiwa na vumbi, akakunja mikono ya shati.

"Fundi," alisema, hamtazami usoni, "hii misumari inaanzia wapi?"

Saa tisa alasiri plaiwudi ilikuwa imeegemezwa nje kwenye ua. Watu walianza kusema Mama Dekio arudishwe, tena kwa heshima. Mwalimu akasema aendewe na ujumbe. Papo hapo ikaanza hoja ya nani awemo kwenye ujumbe, na kama haifai wakutane kwanza kupanga. Fundi alipoisikia hoja hiyo alichukua kofia yake, akaondoka.

Alimkuta Mama Dekio nyumbani kwake, chumba na sebule, amekaa karibu na mlango na ungo wa mchele mapajani. Vyombo vililia huko jikoni.

"Ni wifi yangu," mama alisema kabla hajaulizwa. "Amefika kabla yako. Amelia, nimelia, tumemaliza. Sasa anaosha vyombo, na hajui kuosha. Wifi! Sabuni hiyo si ya kunywa, suuza!"

"Nasuuza, wifi! Acha kelele!" sauti ilijibu.

"Umeuangusha ukuta?" mama alimgeukia fundi.

"Tumeuangusha, mama. Wote. Wanataka urudi."

"Sirudi." Alichagua jiwe kwenye mchele, akalitupa nje. "Binti yangu anakuja Jumatano kunichukua. Mgongo umechoka. Waambie nimewasamehe, ila wadeki wenyewe, wajue inavyouma."

Alisema hayo kwa ukali ule ule wa siku ya chaki. Jumatano binti yake alikuja kweli, akamchukua, na kabla ya mwaka kwisha barua ilifika kwa wifi kwamba mama amelala na hakuamka. Fundi hakumwona tena baada ya alasiri ile. Lakini alasiri ile alibaki amesimama mlangoni, kofia mkononi, anatafuta neno la shukrani kama kawaida yake, halipati. Akaishia kuuliza kitu alichokuwa amekibeba njia nzima.

"Mama, na wakigombana tena?"

"Watagombana," Mama Dekio alijibu. "Watagombania hata dekio. Usiwaitie kikao. Wewe mwulize Mungu lako, akishakujibu lifanye, hata likikuaibisha, halafu uone nani atakufuata. Sasa toka hapo mlangoni, unanizibia mwanga."